Kilo Zilizoliwa na Kiangazi

Watu wakiniuliza joto la Saudia likoje, huwa nawajibu kwa kilo. Hawaelewi. Nimechoka kumweleza mmoja mmoja, kwa hiyo naandika, na atakayeona maneno yangu ni makali ajue kwamba nimeyapoza mara nyingi kabla ya kuyaweka hapa.

Nilikuwa mpakiaji katika ghala la vigae vya sakafu huko Al-Sulay, Riyadh. Miaka ile mawakala walikuwa wanapanda hadi vijijini kutafuta watu, na kwetu Taita waliokota wengi. Dada yangu mkubwa alitangulia, akapewa kazi ya nyumba Jeddah, mtaa wa Al-Safa. Mimi nilifuata miezi michache baadaye, nikatupwa upande wa pili wa nchi. Kati yetu palikuwa na jangwa la kutwa nzima kwa lori. Sisi ni watu wa milimani, ambako mwezi wa saba mtu hutoka asubuhi amevaa sweta na ukungu unamlowesha nywele. Nilikwenda Riyadh na sweta langu. Nilililalia kama mto kwa miaka yote niliyokaa pale, maana kazi nyingine halikuwa nayo.

Ghalani kulikuwa na fundi mmoja Mchina, mzee kuliko sisi sote, aliyeletwa kufunga rafu za chuma na kutengeneza mashine za kuinulia mizigo. Kule yeyote anayeshika spana huitwa muhandisi, nasi tukamwita hivyo. Kiarabu chake kilikuwa cha ghalani kama chetu, maneno machache na mikono mingi. Palipohitajika zaidi, dereva wetu Mpakistani, aliyekaa naye siku nyingi hata wakawa wanaelewana kwa macho, alitutafsiria.

Muhandisi alikuwa na kalenda ya kwao ya kuchana karatasi, ameitundika kwenye chumba cha vipuri. Kwa muda mrefu niliiona kama pambo. Baadaye alinieleza, kidogo leo na kidogo kesho, kwamba kwao mwaka umegawanywa vituo ishirini na vinne, na jua linapita kimoja baada ya kingine kama basi. Kila kituo kina jina lake na kazi zake na chakula chake. Kipo cha mvua ya nafaka, cha wadudu kuamka, cha joto dogo na cha joto kubwa. Nilipenda habari hizo. Mama yetu naye aliujua mwaka kwa namna hiyo, kwa maharage kutoa maua na kwa baridi ya magoti, ingawa hakuwa na kalenda ya kumpa majina.

Siku moja mwanzoni mwa mwezi wa tano tulimkuta muhandisi amechemsha sufuria nzima ya mayai. Alimpa kila mtu yai. Kisha akatoa bomba refu la chuma alilolipiga alama kwa tindo, upande mmoja kulabu, upande wa pili jiwe la chuma linaloteleza. Ilikuwa mizani ya kuning'iniza, ameiunda mwenyewe na kuilinganisha kwa mifuko ya saruji. Akaifunga kwenye uma za foklifti, akainua, na chini ya kulabu akaning'iniza kiti cha mfuko wa nailoni, ile mifuko mikubwa ya mchanga. Akatuonyesha kwa kidole: panda.

"Kwani tunauzwa?" akauliza mpakiaji mwenzangu wa Mombasa, mtu wa tumbo na wa maneno.

"Wewe nani atakununua," nikamwambia. "Labda kwa kitoweo."

"Bora mimi nina nyama. Wewe watakutaka kwa supu."

Dereva akatueleza. Kwao muhandisi, kituo hiki kinaitwa Mwanzo wa Kiangazi, na siku hiyo watu hupimwa uzito, watoto kwa wazee. Baada ya miezi mitatu, kikifika kituo kiitwacho Mwanzo wa Vuli, hupimwa tena, kijulikane kiangazi kimekula kiasi gani cha kila mtu.

Tukapanda mmoja mmoja, Wakenya, Wanepali, Wabangali, miguu ikining'inia kama ya watoto kwenye bembea. Muhandisi alikuwa na masharti yake. Jiwe la mizani lilisogezwa kutoka namba ndogo kwenda kubwa tu, halikurudishwa nyuma hata kidogo, maana kulirudisha ni kumrudisha mtu mwenyewe. Akipitiliza, alikushusha, akaanza upya. Mwenzangu wa Mombasa alishushwa mara mbili, na ghala zima likapiga miluzi. Kila mtu alipewa pia neno zuri la kwenda nalo. Yule wa Mombasa aliambiwa atazungukwa na wajukuu. Mimi niliambiwa miguu yangu ina safari nyingi, na hilo limekuwa kweli kupita kiasi. Uzito aliuandika kwa chaki ukutani, juu ya kichwa cha kila mmoja alipokuwa amesimama.

Jioni nilimpigia simu dada, nikamsimulia. Alicheka hadi akakohoa.

"Sasa mimi huyo mzee angenipima na nini? Angeleta winchi."

Dada alikuwa mwanamke mnene, na unene wake ulikuwa fahari yetu. Ulikuwa mwili wa mama. Kanisani alikalia nafasi ya watu wawili, na waliokaa karibu naye walifurahi kwa sababu kulikuwa na baridi. Alipoondoka kwenda Jeddah wanawake wa kijijini walimkumbatia kwa zamu, mikono haikukutana nyuma ya mgongo wake.

"Halafu usidhani ni wewe tu unapimwa," akaendelea. "Hapa pia napimwa. Madam amenianzishia dayati."

Aliniambia kwa kunichekesha. Madam wake alikuwa ameamua kupunguza mwili. Alinunua mizani ya kioo ya bafuni, akanunua matango na kabichi, na kwa kuwa hakutaka kuteseka peke yake, akamwingiza dada katika safari hiyo. Kila Ijumaa walipanda mizani, madam kwanza, dada baadaye. "Anasema ni hisani," dada akaniambia. "Ati wenzangu wanalipia kliniki, mimi napata bure."

Nikacheka naye. Alikuwa mtu wa kuchekesha, na mimi nilikuwa nimekula yai siku hiyo.

Kisha kiangazi chenyewe kikaja. Nchi ile ina amri kwamba mchana wa kiangazi mtu asifanyishwe kazi juani. Ni amri nzuri. Mudiri, yaani meneja wa ghala letu, aliifahamu vizuri kuliko sisi, na alikuwa na jibu lake: hapa si juani, hapa pana paa. Paa lilikuwa la mabati. Adhuhuri lilikuwa linalia, mabati yakivutana na misumari, na chini yake hewa ilikuwa kama ya tanuri la mkate lililofungwa. Maboksi ya vigae hayashikiki kwa glavu zilizolowa jasho, na bila glavu yanaunguza na kukata. Tulimwambia mudiri, akasema, "Yalla, yalla," akarudi kwenye chumba chake chenye kiyoyozi, mlango ukajifunga nyuma yake polepole kwa ile mashine ya mlango. Mpaka leo nikisikia mlango unajifunga hivyo, mkono wangu unakunja ngumi wenyewe.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia humo humo ndani ya joto. Kule Al-Safa dada alipika futari ya nyumba nzima na wageni: sambusa, supu ya ngano, nyama, vitamu vya tabaka saba. Yeye hakuwa Mwislamu, lakini hakula mchana kwa heshima ya nyumba, na usiku hakula kwa amri ya dayati. Friji ilikuwa imewekewa kufuli. "Nisishawishike," aliniambia, akiiga sauti ya madam. Aliruhusiwa tango, kikombe cha maziwa yasiyo na mafuta, tende mbili. Nyumba ilikuwa na ghorofa tatu na ngazi za marumaru, naye ndiye aliyezipanda na kuzishuka tangu alfajiri, na fagio, na kapu la nguo, na mtoto wa mwisho mgongoni. Madam mwenyewe alivunja dayati siku ya tatu ya Ramadhani. Ya dada iliendelea.

Kila Ijumaa aliniambia amepungua kiasi gani. Zilikuja vipande vipande hizo namba, mbili, moja na nusu, mbili, katikati ya mzaha wa kusema suketi imemwanguka akiwa anadeki na mtoto akaikimbiza. Sauti yake tu ndiyo ilikuwa inabadilika. Ilikuwa nyembamba, kama imetoka chumba kingine.

Mwanzo wa Vuli ulifika mwezi wa nane, wiki ya kwanza. Naita vuli kwa kukosa neno, maana Riyadh siku hiyo hapakuwa na tofauti yoyote na jana yake, na nilimchekea muhandisi usoni alipochana karatasi na kunionyesha. Yeye hakujali. Alifunga mizani yake kwenye foklifti wakati mudiri amekwenda kuswali, akatupandisha.

Sote tulikuwa tumeliwa. Kilo tatu, nne, tatu. Mwenzangu wa Mombasa alikuwa ameacha tano, akasema kiangazi kimemla wajukuu wawili. Muhandisi alilianzisha jiwe kwenye namba ndogo kabisa kwa kila mtu, ili hata aliyekonda alisikie likimpandia. Tuliliona hilo bila kuambiwa. Aliyepungua kuliko wote alikuwa Mnepali mmoja aliyeharisha wiki mbili na kuanguka kazini. Yeye alikuwa amepoteza kilo nane, na wenzake walimshusha kutoka kwenye kiti kama wanashusha kioo.

Mudiri alirudi, akaona namba za chaki ukutani, za mwezi wa tano na za mwezi wa nane, pamoja. Sijui alifikiri zitasomwa na nani. Aliagiza ukuta uoshwe, akachukua lile bomba na kulitupa kwenye vyuma chakavu. "Hapa tunapima vigae," alisema.

Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuzisoma. Nilikuwa namtazama yule Mnepali aliyekalia paleti akipumua, kilo nane, mtu aliyebeba maboksi chini ya mabati moto na kuharisha damu, na kichwani zile namba za Ijumaa za dada zilikuwa zinajipanga zenyewe. Nilizijumlisha mara moja, nikarudia. Dada yangu alikuwa amepoteza kilo ishirini na moja. Ndani ya nyumba. Penye kiyoyozi kila chumba. Wala kiangazi hakikumgusa. Aliyemla alikuwa na jina na ufunguo wa friji.

Nilimwomba dereva Mpakistani anichukue utingo kwenye mzigo wa Jeddah. Alimdanganya mudiri kwamba anaumwa mgongo na hawezi kushusha peke yake. Muhandisi, aliposikia naenda kwa nini, alibana shavu lake kwa vidole viwili na kusema, "Halas kiangazi. Sasa akil lahm, akil, akil." Dereva akanifafanulia njiani: kwao Mwanzo wa Vuli ukishapima na kuona umeliwa, unakula nyama ili ubandike upya mafuta yaliyokwenda. Ndiyo kazi ya kituo hicho. Kiangazi kikichukua, vuli inarudisha.

Tulishusha mzigo Jeddah, nikachukua teksi hadi Al-Safa. Dada alikuwa ameniambia nisubiri baada ya alasiri, karibu na mapipa ya taka nyuma ya duka la dawa, kwa kuwa huo ndio wakati anaotoka na mifuko. Nikamwona mwanamke anatoka geti la kijani, amevaa abaya inayoburuta. Nikaangalia nyuma yake nimwone dada. Alipofika karibu akasema, "We mtoto, unamtafuta nani?"

Sitaeleza uso wake. Nitasema tu kwamba ngozi ya shingo ilikuwa imebaki ya mtu mnene.

"Dada, twende."

"Twende wapi? Nimetoka kutupa takataka." Aliinua mfuko anionyeshe. "Hebu nikuone. Kumbe na wewe umekauka. Nani anakufulia shati hilo?"

"Dada."

"Pasipoti anayo baba wa nyumba. Kibali cha ukaaji, ile ikama, anayo yeye. Nguo ziko ndani. Nitakwenda kama nani?"

Kabla sijajibu, madam mwenyewe alitokea getini. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na jitu. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwenye sauti ya upole, uso wa mtu asiyelala vizuri. Aliuliza mimi ni nani; dada akamwambia. Akafurahi. Nasema kweli, alifurahi, akanikaribisha kwa salamu ndefu, kisha akamgeuza dada kwa mabega kama mtu anavyomgeuza mtoto aliyeshonewa nguo ya sikukuu.

"Umemwona? Alikuja hapa mgonjwa. Kwenye ngazi alikuwa anapumua kama ngamia. Sasa tazama, amekuwa msichana."

Nilimwambia, kwa Kiarabu changu cha ghalani, kwamba dada yangu anahitaji daktari.

"Mafi maradhi," akasema, akishangaa. "Hana ugonjwa. Amepona. Bado kumi tu. Kumi zikitoka, halas, tumemaliza." Halafu akakumbuka jambo, uso ukamng'aa. "Ngoja. Nina picha yake ya siku aliyofika. Utacheka. Simu iko juu."

Akaingia ndani mbio kuileta.

Dada alibaki ameshika mfuko wa taka, akilitazama geti. "Bado kumi," alisema, si kwangu. Akaenda hadi kwenye pipa, akafungua kifuniko, akautumbukiza mfuko, akafunga vizuri paka wasiingie. Akajifuta mikono kwenye abaya.

"Teksi yako iko wapi?"

Tuliondoka Al-Safa hivyo, yeye na ndara za jikoni. Sikugeuka nyuma, na mara nyingi nimejaribu kumwona yule madam akishuka ngazi zile za marumaru na picha mkononi. Natamani nisikie raha. Sisikii.

Mwenzangu wa Mombasa alikuwa amenipa namba ya bibi mmoja wa Kizanzibari huko Al-Hindawiyah, aliyeletwa Jeddah na wazazi wake akiwa mtoto, baada ya mapinduzi, na hakurudi tena. Nyumba yake ilikuwa ya zamani, chini ya ngazi nyembamba, na alitufungulia mlango akiwa na mwiko.

"Karibuni. Yu wapi huyo mwanangu?" Akamshika dada kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. "Ah. Wamemfanya ukuni, mtoto wa watu. Kaa. Hapa kwangu hapana dayati, hapana kufuli. Friji yenyewe haifungi vizuri, ina kamba."

Alimpa uji wa mchele kwanza, mwembamba, kijiko kimoja kimoja, akisema tumbo lililosahau likikumbushwa kwa pupa hugomba. Dada alikula akilia, na mimi nilidhani jambo limekwisha. Nilikuwa nimepanga: asubuhi aende kwenye tarhili, mahali wanapokusanywa watu wa kurudishwa kwao, ajisalimishe, alale huko siku zitakazohitajika, apande ndege. Kila siku ya kukaa nje ilikuwa hatari. Baba wa nyumba angekuwa amekwisha kumwandikisha kuwa mtoro, na anayemhifadhi mtoro naye ana kesi. Nilimweleza yote hayo.

"Siendi," alisema.

"Huendi wapi?"

"Nyumbani. Na mwili huu siendi."

Nilifikiri ni uchovu. Nikaeleza upya.

"Nimekusikia mara ya kwanza," akanikata. "Wewe ni mwanamume, utarudi umekonda watasema amefanya kazi. Mimi nikirudi hivi watasema nini? Umemsahau jirani yetu aliyerudi kutoka Mombasa amekonda? Nani alimwuliza amekula nini? Waliuliza amelala na nani. Kikombe chake kanisani kilitengwa, nilikuwa nakiona, kile chenye sikio lililovunjika. Alikuwa na kifua kikuu tu yule. Kifua. Alikufa akinywea kikombe hicho."

"Watu wa sasa wanajua."

"Wanajua nini? Wewe uko Riyadh, unapimwa na Wachina."

Niliwaka. Nilimwambia maneno ambayo ndugu huambiana mara moja tu. Kwamba ametoroka jela ya mwanamke mmoja na sasa anajifunga mwenyewe jela ya wanawake wa kanisani walio umbali wa bahari. Kwamba atamponza bibi huyu wa watu. Bibi alikuwa anachambua mchele, akaniacha nimalize.

"Umekwisha?" akaniuliza. "Basi nenda kwenye gari lako. Huyu atakaa mpaka atakaponenepa. Polisi wakija mie nitawaambia ni mkwe wangu, wananijua nina wakwe wengi. Na wewe usimpandishie sauti dadako kwenye nyumba yangu."

Nikarudi Riyadh na hasira zangu. Sikuwa na pa kuziweka. Niliwakasirikia madam, mudiri, na kijiji changu, ambacho nilikuwa nakiota kila usiku na ukungu wake, na sasa kila nikikiota nakiona kikombe. Muhandisi aliniuliza habari kila alipofika kituo kipya kwenye kalenda yake. Joto Kukoma. Umande Mweupe. Umande Baridi. Majina ya kumcheka mtu katika vumbi la Sulay. Nilimjibu kwa kuonyesha shavu: bado, kidogo, zaidi kidogo. Akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba jua linafanya kazi yake.

Na kwa kweli vuli ilikuwa inarudisha. Bibi alimpa mkate wa kumimina, bokoboko, samaki wa nazi, mchuzi wa kila namna. Dada alimsaidia kupika na sauti yake kwenye simu ikaanza kurudi chumba kile kile nilichokijua. Mara mbili askari walipita mtaani wakikagua karatasi, akapanda darini akajilaza kati ya matangi ya maji, sahani yake kifuani, kwa kuwa bibi alisema chakula kisiachwe. Alinisimulia kama kichekesho. Mimi sikucheka.

Baridi ilipoanza kuingia Riyadh alinipigia. "Leo abaya ya bibi imenibana," alisema. "Kesho nakwenda." Alijisalimisha tarhili, akalazwa kwenye sakafu na mamia ya wanawake, akachukuliwa alama za vidole ili asirudi tena, akaletwa Nairobi na mfuko wa plastiki. Kwenye tarhili alipungua kidogo tena. Lakini alikuwa ameweka akiba.

Alifika nyumbani kabla ya Krismasi. Nilimpigia nikitaka kujua jambo moja.

"Wamesemaje?"

"Wamesema nimependeza."

Walimkumbatia kwa zamu kama walivyomuaga. Walimshika mashavu. Waliitana: njooni mwone Saudia ilivyomtunza. Yeye aliwaambia. Nataka hilo lieleweke, kwa kuwa dada yangu si mwoga: aliwaambia habari ya kufuli, na tango, na ngazi, aliwaambia kanisani mbele ya wote baada ya ibada. Wakamsikiliza wakimtazama mikono yake ya mviringo, na alipomaliza mmoja akamwuliza kama wakala wake bado anatumia namba ile ile.

Mwezi wa pili wanawake wawili wa kijiji chetu walikuwa na pasipoti. Mmoja alikuwa binti wa yule jirani aliyekufa. Dada aliteremka mlima hadi Voi asubuhi waliyokuwa wanaondoka, akawakuta stendi na mabegi mapya, akamshika yule binti mkono na kumwambia tena, taratibu, kila kitu, tangu mwanzo.

Binti alimsikiliza kwa adabu. Kisha akauondoa mkono wake.

"Dada," alimwambia, "wewe umeshakula. Usituzibie."